Ngozi ya Zaina Haikuulizwa

Nakumbuka asubuhi moja ya vita, mwanangu, hapa mtaani Mikelenge, treni imekwisha kuisahau njia ya Kindu na mafuta ya kujipaka ya dukani yamebaki jina tu. Chuo kilikuwa kimefungwa. Nilikuwa nimerudi nyumbani na nusu ya elimu ya kemia, pamoja na ugonjwa wa kuuliza kila kitu. Sijapona hadi leo.

Zaina, binti wa mama mdogo, alikuwa amechumbiwa. Desturi yetu unaijua: bibi harusi hufungiwa ndani, akapakwa mafuta mpaka ngozi ing'ae. Basi yaya, yaani kaka yetu mkubwa, Asani, mchuuzi, akaja kutoka machimbo ya Kama na kichupa cha zebaki, ule umajimaji mzito ambao wachimbaji huunasia dhahabu. Alisikia kwamba hung'arisha ngozi. Akaisugua ndani ya mafuta mpaka ikapotea, akanyoa migongo ya simbilisi wa nyanya yetu, vile vijinyama vya kufugwa kama sungura wadogo, akawapaka. Siku zikapita, wanyama wakaendelea kutafuna majani yao.

"Yaya Asani," nikamwambia, "inaingia mwilini kiasi gani? Zaina atapakwa kila siku. Ikijikusanya ndani?"

"We mutu wa univeriste, maulizo mingi kama askari wa bariere ya njiani! Simbilisi anakula, anaruka. Unataka akuandikie barua?"

Wakacheka wote, Zaina kuwazidi, akaniambia mimi dada yake mkubwa: "Yaya, acha wivu. Na wewe utaolewa."

Nikatoka nimenuna.

Harusi ikapita. Zaina akaendelea kujipaka, maana mume aliupenda weupe ule. Kisha miguu ikavimba, uso ukafuata, mkojo ukatoa povu. Wengine wakasema uchawi. Hospitali haikuwa na dawa, na vita vilikuwa vimeziba kila njia ya kutokea. Daktari alisema figo zimekufa. Tulimzika Zaina, na simbilisi wale walikuwa wamezaa.

Nyanya hakumfokea Asani. Alinigeukia mimi.

"Ule hakujua kuuliza. Wewe uliuliza, ukakasirika, ukaenda. Swali njo mutoto, mama. Ukishamuzaa, umulee."

Hata usiku wa jana nilikuwa bado ninatafuta la kumjibu.

Mwanangu, wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Mimi naongeza, wala ya simbilisi. Mgongo wake si shavu lako, na siku zake chache si miaka yako. Leo wapimaji makini wana njia nyingine. Huanza na jina la kila kilichomo na yale yanayojulikana tayari juu yake. Hukijaribu kwenye ngozi ya binadamu iliyooteshwa maabara. Hukadiria kiasi gani kitapenya kwa mtu anayejipaka kila siku, wakakilinganisha na kiasi kisichodhuru. Hakuna mnyama anayenyolewa, na bado mtu hulindwa vizuri zaidi.

Wewe huna maabara, lakini una mdomo. Sokoni uzuri wa mkakasi ni mwingi, ndani kipande cha mti. Kopo lisilotaja kilichomo, liache. Muuzaji akikuambia "fulani amepaka, hakufa," muulize amepaka kwa muda gani, na figo zake nani amezipima. Akikucheka, baki hapo hapo, uliza tena. Na kama ni dada yako anayepakwa, usitoke chumbani.

Nenda salama. Mungu akujalie uzeeke ndani ya ngozi aliyokuvika.