Mbuzi Wanaporamba Reli

Mkaguzi wa reli wa hapa Lembeni hawafukuzi mbuzi wetu. Huwafuata na nyundo aliyopewa na Waingereza, kwa kuwa wanaporamba ndipo penye magadi, na magadi yakipata umande wa mlimani hula bolti zinazoshika reli. Akigonga huinamisha sikio, kisha hufuta kutu ya vidoleni kwenye kaptura yake ya kaki. Leo asubuhi, ukungu ulipoondoka, kundi zima lilikuwa limejazana kwenye kona ya darajani. "Shikamoo," nikamwamkia. Alikuwa ameinama relini. Aligonga, na kichwa cha bolti kikadondoka kama jino bovu. Akagonga ya pili, nayo ikakatika. Upande wa Same gari moshi likapiga honi. Akanipa bendera nyekundu. "Mama Priska, kimbia wewe," akasema polepole. "Miguu yangu imekataa."