Fundo la Aurore

Wanaosimulia habari za Normand Thibodeau husema hakuwahi kuogopa kitu. Waongo hao! Mimi nilikuwepo, pale Massachusetts mwaka 1969, nikamwona akitetemeka kama mwenye homa.

Aliacha kazi nono ili aunde kompyuta ndogo, ya kimo cha friji, wakati za wenzake zilijaza chumba kizima. Alipanga ghorofa ya kiwanda cha sufu kilichofungwa, kilekile ambamo mama yake, Aurore, alifuma miaka thelathini. Akatuajiri sisi wafumaji wa zamani, mama yake akiwemo, tupitishe nyuzi za shaba ndani ya vijipete vya sumaku vidogo kuliko punje za mtama. Hiyo ndiyo ilikuwa kumbukumbu ya mashine. Hata umeme ukikatika, haikusahau.

Mteja wa kwanza alikuwa anakuja saa nne asubuhi. Saa tatu, mashine ilipopata joto, ikasahau. Mteja asiponunua, kampuni imekufa.

“Jamani, anayejua kitu aseme,” Normand alituambia. “Simli mtu.”

Mimi nilijua. Wiki moja kabla, uzi wa Aurore ulikatika, naye akafanya alivyozoea kwenye sufu: akaukwangua ncha, akaufunga fundo upesi kabla msimamizi hajageuka. Nikanyamaza kwa woga.

“Ni mimi,” Aurore akasema. “Nilifunga fundo.”

“Mama! Shaba unaifunga fundo kama sufu? Ikipata joto inalegea!”

“Mkono ulikwenda wenyewe. Usinifokee mbele za watu.”

Normand akalilehemu lile fundo huku mimi nimemshika kifundo cha mkono, maana kilimcheza.

Mteja alifika, akachomoa waya wa umeme kwa mkono wake. “Haya, tuone.” Akahesabu hadi kumi. Alipouchomeka, mashine iliendelea palepale ilipoachia, naye akacheka, akaagiza sita.

Normand akaja mbio kumwambia mama yake. Kiti kilikuwa kitupu. Aurore alikuwa mlangoni, amevaa koti, vifungo vyote vimefungwa, chakula chake cha mchana kwapani. Enzi za sufu, aliyeharibu kitambaa hakungoja kuambiwa.

“Mama, unakwenda wapi?”

“Nyumbani. Afadhali nijiondokee kabla hujanifukuza.”

Normand akapiga magoti, akaanza kumfungua vifungo, kimoja kimoja, kwa vidole vilivyokuwa bado vinatetemeka.