Mguu Wangu na Maisha ya Kabla Sijazaliwa

Mwenye lori alisimama mbele ya baraza la kata akasema mguu wangu niliukata mwenyewe, katika maisha niliyoishi kabla sijazaliwa. Akageuka, akamwonyesha kidole mzungu aliyeketi benchi la nyuma. "Si maneno yangu, wazee. Msomi yule pale, muulizeni." Watu wakacheka. Mwenyekiti wa baraza naye akacheka, akaweka kalamu chini, akasema basi, mambo mengine ni ya Mungu, twende nyumbani. Siku lori liliponilalia sikulia. Siku hiyo ya baraza nililia, wakanitazama.

Nirudi nyuma kidogo.

Jina la mwenye lori silitaji. Lori lake ni la bluu, Kanazi yote inamjua. Mimi na wifi yangu tulipanda juu ya mikungu tukipeleka ndizi Kabanga. Kabla hatujaondoka dereva alimwambia tajiri wake, nikisikia kwa masikio haya, "Mzee, breki hazishiki." Akajibiwa, "Mteremko wenyewe ni mmoja tu. Peleka." Kwenye mteremko huo mmoja wifi yangu alikufa, mimi nikabaki bila mguu wa kulia. Dereva akavukia Burundi, hajaonekana tena. Aliyebaki wa kulisema lile jibu ni mimi peke yangu, ndiyo maana nilikwenda barazani. Sikutaka ng'ombe wake wa fidia. Nilitaka akiri mbele ya watu kwamba aliambiwa.

Sasa huyu mzungu. Alikuja kufundisha watoto wa chekechea parokiani, nikampangisha chumba. Mwanamke wa makamo kama mimi, ila viganja laini kama vya mtoto mchanga. Alikuwa amepita India wiki mbili, akatoka huko na kitabu cha mambo ya dini ya Wahindu na uzi mwekundu mkononi. Wiki mbili! Mahari yangu tu ilijadiliwa zaidi ya hapo.

Kila nikikaa kumenya ndizi, huyo na kitabu chake.

"Mama, Wahindu wanasema ufanye kazi bila kuyatazama matunda yake."

"Nilime migomba nisitazame ndizi?"

"Hapana, mama. Ni moyo tu, usishikamane na vitu."

"Moyo wangu haushikamani na kitu. Tumbo ndilo lina shida."

Akaandika. Kila nilichosema aliandika, hata tusi.

Siku moja aliutazama mkongojo wangu, akauliza kwa sauti ya kanisani, "Mama, umewahi kufikiri labda roho yako ilihitaji funzo hili? Wao wanaita karma. Ulichotenda maisha yaliyopita kinakufuata."

Mwenye lori alikuwa pale pale uani. Alikuwa amemletea mzungu maparachichi, maana anapenda kuonekana na wageni. Akamwomba arudie taratibu. Mtu huyo hata misani husinzia, lakini siku hiyo alisikiliza kama anayetafuta kufaulu mtihani.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Niliishia darasa la nne, sawa. Lakini nilifanya kazi miaka sita Biharamulo kwa bibi mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kila asubuhi nilimsugulia sahani ya shaba kwa majivu na ndimu, yeye akawasha taa mbele ya picha ya mungu wao mwenye kichwa cha tembo. Kuna siku mwanawe alimpunja mteja misumari. Bibi akaifunga kwenye karatasi misumari ile iliyopungua, akamwamuru aipeleke kwa miguu mpaka nyumbani kwa mteja, juani. Mtu mzima, ana ndevu! Akaniambia, "Alichofanya mkono wake kitamfuata yeye. Heri kimkute leo."

Mlangoni pale alikuwa anakuja mzee mmoja kiwete. Bibi alimpa uji. Hata mara moja sikumsikia akikisia mzee yule alitenda nini zamani. Alikuwa anakagua mikono ya nyumba yake. Huyu wa kitabu alianza na mguu wangu.

Tulipotoka barazani alinikimbilia. "Mama, pole, sikumaanisha hivyo. Bado najifunza."

"Jifunzie mguu wako."

Alihama wiki ile ile. Nasikia sasa anasoma mambo ya nyota. Asome.

Lakini wewe mwenyekiti, ile kalamu uliyoiweka chini iokote. Na wewe mwenye lori, sikuulizi nilitenda nini kabla sijazaliwa. Nakuuliza asubuhi ile, wifi yangu akiwa hai amekalia mikungu, dereva alikuambia nini, na wewe ulimjibu nini? Lori lako bado linashuka Kabanga na watu juu. Njoo usimame pale pale uliposimama ukiwachekesha, ujibu.