Nilivyoikaza Beringi ya Mashine ya Shangazi

Jamani, hii habari nimeificha mwaka mzima, na nisingeisimulia kama si kwamba kijiji kizima cha Kate wanaijua na siku moja mmoja wenu ataisikia huko ikiwa imeongezwa chumvi, basi bora nijiaibishe kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kazi yangu mnaijua. Huko ughaibuni, kwenye kiwanda cha vipuri vya injini za ndege, mimi ndiye ninayetafuta namna ya kukereza kila kipuri kipya kabla hakijaanza kutengenezwa kwa wingi: kisu gani kikate, kwa kasi gani, chuma kishikwe vipi kisitetemeke. Nikikosea hata kwa unene wa unywele, kipuri kinatupwa. (Shangazi Paskalia, aliyenilea, huwaambia watu naunda ndege, na nimeshachoka kumsahihisha.)

Basi nikaja likizo kwa ajili ya harusi ya binti yake wa mwisho. Jumatano asubuhi nimekaa uani naota jua, maana baridi ya Ufipa ilikuwa imeniingia mpaka kwenye mifupa, nasikia mashine yake ya kusaga, iliyoko mbele ya nyumba, inagonga, ko ko ko ko. Ilikuwa ikigonga hivyo miaka yote na unga unatoka vizuri tu, na mtu mwenye akili zake angemalizia chai. Mimi nikainuka nikaizima.

Kosa lenyewe ni hilo, mengine yalifuata tu. Nikafungua, nikakuta shafti imelika, beringi inacheza, na fundi ameizungushia kipande cha kopo la mafuta ya kupikia ili ishike. Nilikasirika kama mtu aliyetukaniwa mama. Nikakitupa kile kipande, nikamwambia shangazi anipe siku mbili tu, Ijumaa atasaga ulezi wa harusi kwa mashine isiyotoa hata mlio. Akakubali bila kuuliza swali, na hapo ndipo roho inaponiuma mpaka leo.

Nikaipeleka shafti Sumbawanga mjini kwa Mzee Dominiko, mkerezaji wa siku nyingi (kumbe ndiye aliyeweka lile kopo, nikajua baada ya kulisema vibaya mbele yake kwa dakika kumi nzima). Akajazia chuma kwa kuchomelea, akaanza kukereza, na mimi nimesimama nyuma ya bega lake na kipimio changu, maana mimi ni mtu wa kwenda likizo na kipimio kwenye mkoba.

"Acha nitoe kidogo tena, mwanangu," akasema. "Beringi ikibanwa sana, ikipata joto itakwama."

"Hapana baba, ishia hapo hapo. Huko kwetu tunaweka hivyo na injini inapanda angani."

Akafuta mikono. "Haya. Mwenye kazi ni wewe."

Beringi ikaingia kwa nyundo, nyundo nzito, na mtu mwingine angejiuliza. Mimi sikukumbuka kwamba kule kwetu beringi inaogeshwa mafuta muda wote isipate moto, na ya shangazi ina grisi ya kupaka kwa kidole na vumbi la unga juu yake.

Ijumaa foleni ilifika barabarani, kina mama na madebe yao ya mahindi, na magunia ya ulezi wa harusi mbele. Nikawasha. Kimya, jamani, mashine inazunguka utadhani haipo. Vigelegele vikapigwa, shangazi akanishika mkono akanisimamisha mbele ya watu, na mimi (hapa ndipo ninapotamani kujizaba kofi) nikatoa hotuba, nikaeleza vipimo, nikawaambia tatizo letu hapa ni kuzoea kubandika bandika.

Sikuwa nimemaliza. Mama mmoja akauliza kama kuna mtu anachoma tairi. Nikageuka, moshi, mashine ikalia mara moja ikaganda, mkanda ukakatika ukapiga bati, na unga uliokwisha kusagwa wote ukanuka mpira. Hakuna aliyecheka, afadhali wangecheka. Walijitwisha madebe yao mmoja mmoja wakavuka barabara kwenda kwa jirani, ambaye shangazi amegombania naye wateja miaka kumi, na mwisho shangazi mwenyewe akajifunga kanga kiunoni, akainua gunia lake la ulezi akawafuata. Nikashika upande wa pili. Tulipofika katikati ya barabara akaniuliza, taratibu kabisa, "Skola, hizo ndege zenu, huwa zinaruka?"

Harusi ilifana, watu walikula, lakini mashine ilikaa wiki tatu ikisubiri beringi nyingine, na wapo wateja ambao hawakurudi. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba kiwandani sikati hata chuma kimoja kabla sijamuuliza anayeshinda na mashine ile kutwa nzima, ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi yangu, halafu nimekuja nyumbani nikamfundisha kazi mzee aliyeanza kukereza kabla sijazaliwa. Nimemwomba Mzee Dominiko radhi kwa simu. Alisema "yamekwisha" akaendelea na kazi zake.

Nimeapa sitagusa tena mashine ambayo sijaombwa kuigusa. Shangazi naye juzi kanipigia, amefurahi, mashine inasaga, Krismasi ananitaka nyumbani bila kukosa.

"Ila ukija," akasema, "ingilia mlango wa uani."