Komeo Alivyomfungia Nje Mdogo Wake

"Mama, kwa nini hukumfungulia mdogo wako?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa kidato cha kwanza, nimeshika ufagio, mchanga umenijaa mpaka kwenye soksi. Alinitazama kama mtu anayemtazama nzi aliyetua kwenye chai yake.

"Wewe umeletwa hapa kufagia au kunihoji?"

Nikafagia.

Alikuwa mlinzi wa geti la shule yetu, na shule nzima ilimwita Komeo. Siyo mbele yake, jamani. Mbele yake tulimwita mama, tena kwa sauti ndogo ya mtu anayeomba maji.

Shule iko mwisho wa mtaa wa nyumba zenye kuta ndefu, na nyuma yake ni bahari. Bahari yenyewe hatuioni. Tunaupata upepo wake tu, na upepo ule hauji mikono mitupu, unaleta mchanga: uani, varandani, mpaka katikati ya kurasa za daftari. Kwa hiyo adhabu ya kuchelewa kwetu ni kufagia mchanga kutoka getini hadi kwenye ngazi za ukumbi. Ukifika kwenye ngazi, geuka nyuma. Umesharudi wote. Komeo alikuwa akikaa kwenye kiti chake cha plastiki akiangalia watu wanavyohangaika na kazi isiyoisha, na nakuapia alikuwa akistarehe.

Geti lilikuwa limeliwa na chumvi vibaya sana. Kila asubuhi alizipaka bawaba grisi na kufuli akalifuta kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto kamasi. Upole wake wote uliishia hapo.

"Wewe, hiyo sketi umeazima kwa mdogo wako?"

"Na wewe unakimbia nini? Si umeshachelewa? Tembea, usijichoshe bure."

Mwalimu wa hesabu alichelewa siku moja, akajaribu kupita kwa tabasamu. Komeo akamwambia, "Mwalimu, mifagio iko pale." Mwalimu akacheka sana. Komeo hakucheka, na mwalimu akabaki anacheka peke yake mpaka kicheko kikamwishia mdomoni.

Nasi hatukumwacha salama. Kuna waliojaza mchanga kwenye tundu la kufuli. Wengine walipita wakiiga mlio wa bawaba zake: kriii! Na kulikuwa na msichana wa kidato cha pili, mrefu, mkimya, kichwa hasa katika sayansi, ambaye hakuwa akimsalimia kabisa. Komeo alimwandama kuliko wote. Alimpekua mkoba kila asubuhi mpaka ndani ya kisanduku cha kalamu. Tulijua wale wawili hawapikiki chungu kimoja, na msichana yule tulimpenda kwa sababu hiyo tu.

Ikafika siku ya mkutano wa wazazi wa kidato cha pili. Kwetu nafasi za mkondo wa sayansi ni chache, na hutolewa hadharani ukumbini, wazazi mbele na wanafunzi nyuma. Jina la mwanafunzi linaitwa kwenye kipaza sauti, mzazi wake anasimama na kusema "nimekubali", ndipo anaandikwa. Asiposimama mtu, nafasi anapewa anayefuata, na hakuna kurudi kesho kulia ofisini. Mkuu wa shule alikuwa ametoa amri kwamba mkutano ukishaanza, geti lifungwe. Ni kama alimpa Komeo zawadi.

Mimi nilikuwa nimechelewa, kwa hiyo niliyaona yote nikiwa na ufagio. Nje walikuwa wamejikusanya wazazi kadhaa. Baba mmoja alikuwa akipiga honi ya gari lake mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaanza kubweka.

"Fungua! Unajua unazungumza na nani?"

"Na mtu aliyechelewa."

"Nitahakikisha unafukuzwa kazi!"

"Uingie kwanza ndiyo ukanisemee. Na leo huingii."

Mara akaja mwanamke mmoja akihema, anajifuta jasho. Akasogeza uso katikati ya nondo, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, ni mimi. Gari lilituharibikia njiani. Fungua."

Komeo akamtazama kuanzia juu mpaka chini. "Mkutano umeanza."

"Najua umeanza! Si ndiyo maana nakwambia ufungue?"

"Subiri na wenzako."

Yule baba wa honi akaangua kicheko kibaya. "Karibu kivulini, mama. Kumbe hapa hata ndugu hapiti!"

Ndipo kipaza sauti cha ukumbini kikaita jina la yule msichana mrefu. Mdogo wake Komeo akashika nondo kwa mikono miwili, na sauti ya chini akaitupa huko.

"Unasikia? Mwanao anaitwa! Umeniomba mwenyewe nije nijifanye mama yake, wenzake wasijue kazaliwa na mlinzi, halafu unanifungia nje? Una wazimu, dada?"

Nilisahau kufagia. Msichana mrefu, mtoto wa Komeo! Baadaye nilikuja kujua kwamba binti mwenyewe ndiye aliyeomba, siku ya kwanza alipovaa sare: mama, kule shuleni tusijuane. Mama akakubali, na ule upekuzi wa kila asubuhi ulikuwa wa kuwafumba watu macho.

Jina likaitwa mara ya pili. Funguo zilikuwa mkononi mwake. Kumfungulia mdogo wake lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Akazitazama, akamtazama mdogo wake, akazitia mfukoni na kuelekea ukumbini. Hakukimbia. Nikamfuata na ufagio wangu, maana nani angebaki?

Makamu mkuu alikuwa ameshaanza kusema, "Basi tunaendelea na..."

"Nimekubali," Komeo akasema akiwa mlangoni, amevaa buti zake, rungu kiunoni.

Vichwa vyote vikageuka. Makamu akakunja uso. "Unakubali nini wewe? Rudi getini."

"Mimi ndiye mama yake. Nimekubali."

Kriii! Mtu akaiga kutoka viti vya nyuma, na ukumbi mzima ukacheka, wazazi wakiwemo. Msichana mrefu alikuwa ameinamisha kichwa hata shingo haionekani.

"Na geti umemwachia nani?" makamu akauliza.

"Nimelifunga. Haingii mtu, hatoki mtu. Mwandike mtoto wangu kwanza, halafu tugombane."

Akaandikwa. Mkutano ulipokwisha, binti alimpita mama yake kama anavyopita nguzo ya umeme. Mdogo wake alikuwa ameshaondoka kwa hasira, na hapo ndipo nilipomuuliza swali langu nikajibiwa nifagie.

Tangu siku ile jina la msichana likawa Mtoto wa Geti. Akiingia darasani, kriii. Akienda ubaoni, kriii. Hakulia, na hakusamehe. Asubuhi alikuwa akifika getini, anaufungua mkoba kabla hajaambiwa na kuumwaga wote miguuni kwa mama yake, kalamu zinabiringika mchangani. "Pekua," anasema. Na Komeo anachuchumaa, anapekua.

Sasa niko kidato cha nne. Binti alimaliza mwaka jana na nafasi yake ya sayansi, akaenda kusoma mji mwingine, na nasikia hata simu hapigi. Komeo bado yuko getini, goti moja limeanza kumsumbua, mdomo hauna tatizo lolote. Wiki iliyopita niliwahi, nikamkuta anapaka grisi.

"Mama, kuna swali niliwahi kukuuliza."

"Wewe huchoki?"

"Funguo ulikuwa nazo mkononi. Angeingia yeye, asingejua mtu."

Akaendelea kupaka. Nilidhani ndiyo nimeshafukuzwa.

"Alikuwa amevaa gauni langu," akasema. "Nilimpa mwenyewe, na viatu juu, nikalipiga na pasi. Nikamwona pale nje kapendeza. Nikajua ataingia, atasimama, watampigia makofi, mama wa mtoto mwenye akili. Na mimi nimeshika kufuli. Mkono ukakataa. Amri ya mkuu sikuwa naikumbuka hata kidogo. Ulikuwa wivu tu. Haya, pita au toka, unanizibia upepo."