Saa Yangu na Kibao cha Mbuzi

Barazani kwetu Makorora nilijisifu kwa mambo mawili: saa yangu inayopima mapigo ya moyo, na kwamba mimi mwanamume jikoni sijui hata chumvi inakaa wapi. Juzi asubuhi, nikiwa peke yangu nyumbani, saa ikaniandikia kuwa moyo unadunda ovyo. Nikawaita wenzangu wa baraza, wakanikimbiza hospitali kwa bajaji. Nikapimwa, moyo mzima.

“Ulikuwa unafanya nini, baba?” nesi akauliza.

“Nimekaa tu.”

Akanivua saa. Chini yake zikadondoka chembe za nazi.

“Ulikaa kwenye kibao cha mbuzi, unakuna nazi,” akasema. “Mkono ukitikisika vile, saa hukosea.”

Wenzangu wakatazamana. Hamza akauliza, “Na tui unakamua mwenyewe?”

Nikanyoosha shingo. “La kwanza na la pili.”