Mwaka Tulipofyeka Kichaka cha Mto

Harufu ya kichaka kibichi kinachoungua ndiyo iliyofungua msimu ule. Baba na majirani zake, ng'ambo ya kijiji cha Segese, walifyeka kingo zote za mto, wakachoma, kisha wakachimba majaruba ya mpunga hadi maji yakalala pale yalipokuwa yakipita. Awali hatukupeleka ng'ombe kule kwa sababu ya mbung'o, waliowadhoofisha mpaka mbavu zikahesabika. Kichaka kilipoondoka, mbung'o nao waliondoka, na baba akatembea kifua mbele. Hakuna aliyeinama kutazama maji yale yaliyotulia, ambamo viluwiluwi vya mbu vilielea kama vipande vya uzi. Mimi niliviona. Nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kuwinga ndege.

Mpunga ulipoanza kubeba tulihamia kibandani, huko huko shambani, maana kwelea hufika kabla ya jua. Kupiga debe peke yangu ili kuwafukuza kulinichosha, nikamtaka mdogo wangu Milembe, wa miaka minne. Mama alisita. Baba akamcheka, akimwita kwa jina langu: "Mama Kabula, kichaka hakipo tena. Kitamuuma nini, mpunga?" Mama alinigeukia mimi, akauliza kama kule kuna mbu. Miguu yangu ilikuwa imejaa vipele chini ya sketi.

"Hakuna, mama," nikasema.

Wiki ya tatu Milembe alichemka kama chungu, kisha degedege likampinda. Baba aliwapakia baiskeli yeye na mama hadi zahanati, na kutoka huko wakapelekwa Kahama. Alirudi hai, lakini debe langu halikumshtua tena, hata nilipolipiga kando ya kichwa chake. Tumeruka majivu tukakanyaga moto, alisema baba.

Siku hizi majaruba yameufuata mto mpaka macho yachoke. Siwezi kuwalaumu wanaolima. Mpunga ule ndio ulionisomesha. Milembe mwenyewe analima pale, na wanawe huwaingiza ndani ya chandarua jua likiwa bado juu, majirani wakimcheka. Husoma midomo yangu upesi, na hunitania kwamba mji umenifundisha kutafuna maneno. Mwaka jana, tukipalilia, nilimweleza yote kuhusu swali la mama na jibu langu. Nilimweleza nikiwa nyuma yake.